Yafaa Tuione Nchi Tunayoiandikia Barua

Twataka kusema neno juu ya jambo ambalo wanachama wengi hulihesabu kuwa ni anasa, nalo ni safari ya kwenda kuwatazama nyama wa mwituni katika hifadhi mpya za nchi yetu. Neno lenyewe ni hili: kwa karani safari hiyo si anasa, ni sehemu ya kazi yake, na chama chetu chapaswa kuipanga kila mwaka. Tena twasema kwamba safari isiishie ndani ya lango la hifadhi, bali ifike na vijijini, kwa watu wanaolala jirani na tembo. Twajua wapo watakaocheka. Twawaomba watusikilize kwanza, ndipo wacheke.

Kwa faida ya wale ambao hawakupata kuzifuata habari hizi, yafaa tuzieleze kwa ufupi. Mwaka wa 2019 Serikali ya Tanzania iliyapandisha daraja mapori ya akiba kadha wa kadha, yakawa Hifadhi za Taifa. Huko magharibi mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Burigi-Chato, na katika nchi ya Karagwe na Kyerwa zikatangazwa hifadhi mbili ndogo, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Mwaka huohuo sehemu kubwa ya pori la Selous ilikatwa ikawa hifadhi, ikapewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Hifadhi hiyo ya Nyerere ina kilometa za mraba 30,893, nayo yagusa wilaya nyingi, mathalan Rufiji, Morogoro na Liwale.

Huenda mtu akauliza, kuna tofauti gani kati ya pori la akiba na hifadhi ya taifa, ikiwa wanyama ni walewale na miti ni ileile? Tofauti ni kubwa. Katika pori la akiba mwenye kibali aweza kuwinda. Katika hifadhi ya taifa bunduki ya mwindaji haina nafasi. Mgeni huruhusiwa kutazama na kupiga picha, basi. Wala hapana ruhusa ya kulima humo, wala ya kuchunga, wala ya kukata miti. Kwa hiyo mstari uliochorwa katika ramani mwaka wa 2019 si mstari wa wino tu. Aliye upande huu wake ni mkulima. Akivuka hatua kumi kwenda upande wa pili na jembe lake, ni mshitakiwa.

Hapa ndipo sisi makarani tunapoingia. Wako wasemao kwamba mambo ya wanyama ni ya idara moja tu, na sisi wa masijala, wa hesabu na wa ardhi hayatuhusu. La, sivyo. Hifadhi haiwi hifadhi kwa sababu tembo wamekubaliana kukaa humo. Huwa hifadhi kwa tangazo, na tangazo huandikwa. Mpaka wake hupimwa, na vipimo huandikwa. Watu walio karibu huhesabiwa, malalamiko yao hupokelewa, hupigwa muhuri na kupewa namba ya jalada. Katika kila hatua ya hizo pana mkono wa karani, na aghalabu mkono huo ni wa mtu ambaye hajapata kuiona nchi anayoiandika.

Jambo hili lina historia ndefu. Gavana wa Kidachi, Hermann von Wissmann, alitoa amri za kuhifadhi wanyama mwaka wa 1896, na nchi ya Rufiji ilikuwa miongoni mwa zile zilizotengwa mapema. Waingereza walipokuja waliliita pori lile kwa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwezi wa Januari 1917, na kaburi lake liko hukohuko. Kisha katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Liwale kutoka vijiji vyao, kwa hoja ya kuwakinga na ugonjwa wa malale, na nchi waliyoiacha ikaongezwa katika pori. Kazi ya namna ile haifanyiki bila orodha, wala orodha haiandikwi bila karani. Hatuwalaumu wazee wetu walioshika kalamu siku zile. Waliamriwa, nao walikuwa na watoto wa kulisha. Lakini twajiuliza kama yeyote kati yao alipata kufika katika vijiji alivyovifuta kwa wino, akaona minazi na makaburi yaliyoachwa nyuma. Twaogopa sana kwamba mtu atajiuliza hivyohivyo juu yetu.

Asije mtu akadhani kwamba twazipinga hifadhi. Sivyo hata kidogo. Mwaka wa 1976 tembo wa nchi ya Selous walihesabiwa wakapatikana karibu 109,000. Mwaka wa 2013 walihesabiwa tena, wakapatikana karibu 13,000. Waliokosekana hawakufa kwa uzee. Waliuawa kwa ajili ya pembe zao. Nchi ile iliyokuwa imetiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 1982 ikaingizwa mwaka wa 2014 katika orodha ya zile zilizo hatarini. Hii ilikuwa fedheha kwetu sote. Mwalimu Nyerere alikwisha kusema huko Arusha mwezi wa Septemba 1961, kabla bendera yetu haijapandishwa, kwamba wanyama hawa ni amana tuliyopokea kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Ikiwa amana imepungua mikononi mwetu kiasi hicho, basi hapana budi kuilinda kwa nguvu zaidi, na hifadhi mpya ni njia mojawapo ya kuilinda. Sisi tunalolisema ni kwamba mlinzi wa amana sharti aijue, na sharti amjue na jirani anayeilipia.

Sasa tujibu hoja za wenzetu. Hoja ya kwanza ni kwamba safari kama hizi ni za wageni wenye fedha. Ni kweli kwamba wageni ni wengi humo, na fedha zao twazihitaji. Lakini hapana sheria isemayo kwamba mwenye nchi asiingie. Kiingilio cha raia huhesabiwa kwa shilingi, na cha mgeni kwa dola, na tofauti yake ni kubwa mno kwa faida yetu. Kinachotushinda si kiingilio bali motokaa, kwa maana mtu mmoja hawezi kuikodi kwa mshahara wa karani. Lakini ndiyo maana watu hufanya chama. Mzigo usiobebwa na mmoja hubebwa na kumi.

Hoja ya pili ni ya wale wasemao, “Sisi tumezaliwa na wanyama hawa; kuna nini cha kutazama?” Maneno haya twayasikia hasa kwa watu waliozaliwa mjini. Ndugu zetu, wengi wetu tembo hatujapata kumwona ila katika kitabu cha shule. Twazijua pembe zake, kwa kuwa zimo katika nembo ya taifa, huyu mwanamume na huyu mwanamke wameshika kila mmoja wake, na nembo hiyo imo juu ya kila barua tunayoipeleka kwa mlezi wa faili atie sahihi. Kila siku ya kazi pembe za tembo hupita chini ya mikono yetu. Mwenye pembe hatumjui.

Hoja ya tatu ni kwamba karani kazi yake ni kalamu, si kutembea. Hoja hii yatushangaza kuisikia katika chama cha watumishi. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka wa 1922, na aliyekianzisha alikuwa Martin Kayamba, karani aliyesomea shule za misheni kama sisi. Mwaka wa 1931 alikwenda London pamoja na wenzake kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na aliporudi aliyaandika aliyoyaona ili wengine wayasome. Ikiwa karani wa siku zile aliweza kuvuka bahari ili aione nchi iliyokuwa ikitoa amri, je, sisi twashindwa kufika Rufiji kuwaona wanaopokea amri zetu?

Tusiseme mengi ya kubishana, tuwasimulie tuliyoyaona.

Mwezi wa Septemba 2023 tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, watu wanne, tukiwa na ruhusa ya siku tano. Tulipanda basi la Mloka kwa njia ya Kibiti. Lami ilipotuacha, vumbi likatupokea, na basi likaenda likiyumba kati ya mikorosho na vijiji, limejaa magunia ya unga, madebe ya mafuta na kina mama wanaorudi kwao. Mmoja wetu wa idara ya hesabu alikuwa amevaa shati jeupe. Tulipofika hatukuweza tena kuitambua rangi yake.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tuliingia katika lango la Mtemere kwa motokaa tuliyoikodi kwa mchango. Hatutaki kuwachosha kwa hesabu ya wanyama. Twasema tu kwamba tuliwaona twiga wengi chini ya migunga, na dereva wetu akatuambia neno ambalo wengi wetu hatukulijua, kwamba twiga hao wako upande wa kaskazini wa mto Rufiji tu. Ukivuka mto kwenda kusini, twiga hawapo. Tuliyaona maziwa ambayo mto umeyaacha pembeni, yamezungukwa na mivumo mirefu, na mingine imekufa imebaki shina tupu lenye kiota cha ndege juu yake. Viboko walilala wamebanana kama magunia bandarini. Kundi la mbwa mwitu lilitupita karibu, masikio yao ya duara yamesimama, wala hawakutujali. Sisi ambao tumezoea kuona kila kitu kikipita mezani kwetu kwa ruhusa, tulinyamaza. Mzee kuliko wote kati yetu, ambaye amebakiza miaka michache astaafu, alivua kofia yake, wala hatukumwuliza kwa nini.

Motokaa tulizokutana nazo siku ile zilikuwa kumi na moja. Katika kumi, madereva walikuwa wenzetu na wasafiri walikuwa wageni. Katika moja tu wote walikuwa wenyeji, nayo ilikuwa yetu. Askari mmoja wa hifadhi alituuliza kama tumetumwa na Serikali. Tulipomjibu kwamba tumekuja kutazama tu, kwa fedha zetu, alifurahi mno, akatueleza maisha yao: doria za majuma mazima kwa miguu, kulala chini, na mke na watoto walio mbali. Kisha akatuuliza kwa upole kama mmoja wetu anafahamu barua ya ruhusa huchukua muda gani kujibiwa, kwa maana yake alikwisha kuipeleka zamani. Tulitazamana. Huyu naye ni mtumishi mwenzetu. Tulikuwa tumemsahau, kwa sababu hatujapata kumwona ila katika orodha ya mishahara.

Jioni tulitoka hifadhini, na mwenyeji wetu akatuchukua hadi kijiji cha jirani kumwamkia shangazi yake. Tulimkuta mama mtu mzima, ameketi chini ya mwembe akipepeta. Tukasema, “Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, wanangu. Mmetoka kuwaona?”

“Ndiyo, Bibi, tumewaona.”

“Basi ninyi huwaendea kwa fedha. Mimi hunijia wenyewe, bure.”

Tulicheka, naye akacheka. Kisha akatupeleka shambani. Pale pana dungu lake, kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ndefu, na ngazi ya miti ya kupandia. Humo hulala yeye na mjukuu wake tangu mazao yanapoanza kuzaa hadi yanapovunwa. Silaha zao ni debe la kupiga, tochi moja, na kamba iliyozungushwa shamba, imepakwa pilipili na oili chafu, kwa kuwa tembo huchukia harufu ya pilipili. Mwezi wa Mei, alisema, mvua ilinyesha usiku mmoja ikaiosha pilipili ile. Tembo saba wakaja. Alipiga debe hadi likapasuka. Kulipokucha hapakuwa na mahindi, wala hakuwa na sauti.

Serikali ina utaratibu wa kumsaidia mtu wa namna hii. Fedha anayopewa aliyeliwa mazao huitwa kifuta jasho, na ile wanayopewa jamaa za aliyeuawa huitwa kifuta machozi. Kanuni zilizotangazwa mwaka wa 2011 zilipanga kifuta jasho kwa ekari, kuanzia shilingi 25,000 hadi shilingi 100,000 kwa kadiri ya umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, wala hazikuhesabu zaidi ya ekari tano. Kwa aliyeuawa zilipanga shilingi 1,000,000. Kila mtu aliyepata kulima aweza kupima mwenyewe kama fedha hizo zalingana na jasho au na machozi. Ndiyo maana hazikuitwa fidia. Viwango hupangwa na wakubwa, na si kazi ya makala hii kuwapangia. Lililo letu ni fomu, maana fedha hiyo, iwe nyingi iwe kidogo, haitoki bila fomu.

Bibi yule aliingia ndani akatoka na bahasha iliyofungwa katika mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na fomu yake. Ilikwisha kwenda afisini na kurudi. Pembeni pake pameandikwa kwa wino mwekundu, kwa hati nzuri sana: “Haikukamilika. Irudishwe.”

Akauliza, “Wanangu, ninyi mmesoma. Nimekosa nini?”

Tuliitazama. Jina lake lilikuwapo, la kijiji lilikuwapo, tarehe ilikuwapo, na alama ya dole gumba ilikuwapo. Mahali palipotakiwa ukubwa wa shamba kwa ekari, mjukuu wake alikuwa ameandika: “Hatua 70 kwa 140.” Hapo ndipo ilipokosewa. Wasomaji wetu, yuko nani katika nchi hii aliyelelewa na mkulima asiyejua kwamba hatua sabini kwa sabini ni ekari moja? Bibi yule alipima shamba lake kwa miguu yake mwenyewe, akasema kweli tupu. Shamba lake lilikuwa ekari mbili. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi aifanya akiwa amesimama. Lakini karani aliyeketi akaona pengo la ekari halikujazwa kwa ekari, akaandika maneno mawili, na fomu ikarudi safari ya siku nzima ya basi, ikakaa katika mfuko wa nailoni tangu Julai.

Hatuijui hati ile ilikuwa ya nani, wala hatuitaji afisi iliyoiandika, kwa maana haitofautiani na afisi nyingine. Sisi wenyewe tunaoandika haya tumeyaandika maneno hayo mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Tumeyaandika saa tisa ya mchana, tukiwa na njaa, tukitaka meza iwe safi kabla ya kufunga. Tuliyaona kuwa ni maneno ya ustadi. Shuleni tulifundishwa kwamba karani mwema ni yule ambaye fomu mbovu haipiti mkononi mwake, na tuliona fahari kuirudisha. Hatukupata kuiona ikifika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli karatasi ile ilikuwa nyepesi sana mkononi mwetu afisini. Jioni ile shambani ilikuwa nzito.

Basi tulifanya lililo dogo. Mwenzetu wa hesabu aliketi juu ya ngazi ya dungu akaandika “2” mahali pa ekari, tukamwandikia Bibi barua fupi ya kueleza, akaweka dole gumba lake, tukaibeba sisi wenyewe hadi mahali inapopokewa. Hatukumwahidi fedha, kwa kuwa si sisi tunaoidhinisha. Tulimwambia tu kwamba hakukosa kitu. Alilifurahia neno hilo kuliko tulivyotazamia, na furaha yake ilitutia haya.

Kwa sababu hiyo, Bwana Mhariri, twaleta mapendekezo manne mbele ya wanachama, ili yajadiliwe katika mkutano mkuu ujao.

Kwanza, chama kianzishe mfuko wa safari, na kila mwanachama apendaye aweke kidogo kila mwezi. Mwisho wa mwaka watu kumi wachaguliwe kwa kura, wala si kwa cheo, ili tarishi naye apate nafasi sawa na karani mkuu. Waanze na hifadhi iliyo karibu na kituo chao cha kazi. Walio Kagera na Geita wana Burigi-Chato. Walio Pwani na Morogoro wana Nyerere. Hapana haja ya kila mtu kukimbilia Serengeti.

Pili, kila safari iwe na siku mbili zisizotenganishwa: siku moja ndani ya hifadhi, na siku moja katika kijiji cha mpakani. Aonaye tembo bila kuona dungu atarudi akidhani mkulima ni adui wa wanyama. Aonaye dungu bila kumwona tembo atarudi akidhani tembo ni adui wa watu. Wote wawili watakuwa wameona nusu, na barua zao zitakuwa za nusu. Huko vijijini tusiende kama wakaguzi, wala tusitoe ahadi zisizo zetu. Tuende kama wageni, tuamkie, tusikilize.

Tatu, tuwekeane sisi kwa sisi ahadi juu ya fomu za kifuta jasho na kifuta machozi. Fomu yenye kosa ambalo karani aweza kulisahihisha kwa hesabu au kwa simu, isirudishwe. Isahihishwe, na masahihisho yatiwe sahihi. Ikibidi irudi, basi ieleze kwa maneno ya wazi ni nini kinachotakiwa, kwa Kiswahili ambacho mjukuu aweza kumsomea bibi yake. Ahadi hii haihitaji kibali cha mkubwa yeyote. Yahitaji dakika tano.

Nne, na hili twalisema kwa unyenyekevu, kwa sababu latugusa wenyewe. Wapo kati yetu, hasa katika vituo vya bara, wapokeao kipande cha nyama iliyokaushwa jioni mlangoni, bila kuuliza ni ya mnyama gani wala kibali chake kiko wapi. Hatuwezi kumwandikia mkulima hati ya mashitaka asubuhi, na usiku tukala matunda ya kosa lilelile. Anayekataa kula aweza kuandika kwa moyo mweupe. Anayekula na aweke kalamu chini.

Wengine watasema kwamba mambo haya manne ni madogo, na mpaka wa hifadhi ni jambo kubwa lililo juu ya uwezo wa makarani. Ni kweli kwamba hatukuuchora sisi, wala hatuna mamlaka ya kuusogeza. Lakini mpaka huo kila siku hupita mezani kwetu kwa vipande, fomu moja baada ya nyingine, na mtu wa kijijini hauoni ukali wake wala upole wake ila katika yale tuyaandikayo pembeni. Hilo limo katika uwezo wetu.

Tumekwisha kuanza orodha ya wanaotaka safari ya mwaka ujao, nayo iko kwa Katibu wa chama. Hadi tunapoandika haya ina majina saba. La kwanza ni la yule mzee wa kofia, ambaye amesema atakwenda mara ya pili kwa fedha zake, ili amwulize Bibi kama fomu imejibiwa.

Ni sisi wenzenu,
Karani wa Masijala